Suala Kutoka Kanyakine: Simu ya Mkononi na Hukumu ya Yaliyomo Ndani Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo: Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani, ambaye wakati mwingi yuko Kanyakine, mji mdogo ulioko Imenti Kusini katika nchi ya Meru. Huko hununua ndizi kwa wakulima, akazileta katika soko la Kongowea, Mombasa. Asema kwamba kila arudipo mjini akaketi barazani na wenziwe, mazungumzo hayapiti mbali na simu za mkononi, na kila mtu ana rai yake.

Mmoja husema: Simu hizi ni fitina tupu, na aliyeinunua ameitia fitina nyumbani mwake kwa mali yake mwenyewe. Wa pili husema: Kur'ani yangu yote imo ndani ya simu, basi sina haja tena ya Msahafu wala ya udhu. Wa tatu husema: Yangu mimi huniadhinia mara tano kwa siku, na kwa adhana hiyo ndipo nifunguapo saumu, niwe Mombasa au niwe Meru. Na wa nne husema: Simu ni chombo tu mfano wa kisu, na chombo hakina dhambi, naye salio likimpungukia hubonyeza Fuliza, akamaliza kumlipa mwenye ndizi, akaendelea na safari yake. Ndugu yetu atuuliza: Ni nani katika hawa aliye katika haki?

Jawabu yetu ni kwamba kila mmoja wao ameshika kipande cha haki, na wote pamoja wameikosa, kwa sababu wametoa hukumu moja juu ya kitu ambacho hakina hukumu moja. Simu ya leo si kitu kimoja. Ni mfano wa soko. Sokoni Kongowea wauzwa mchele, na samaki, na ndizi za Meru. Na mtu akitaka kukaa pembeni akacheza kamari, ataona wa kucheza naye. Je, mmepata kumsikia mwenye akili akiuliza, "Soko ni halali au ni haramu?" Hapana. Atauliza: Umenunua nini? Umenunua kwa nani? Na mkataba wenu ulikuwaje? Basi na simu ni hivyo hivyo.

Wanazuoni wametuwekea misingi miwili itutoshayo katika mlango huu. Wa kwanza, kwamba asili ya vitu na ya muamala ni ruhusa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Wa pili, kwamba njia hupewa hukumu ya kule iendako. Aliyeitupa misingi hii hana budi atapatwa na moja katika mawili: ama ataharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu kwa kuwa ni kigeni machoni pake, ama atahalalisha alichokiharimisha kwa kuwa kimekuja na sura mpya.

Ama huyu wa kwanza, aonaye kila kipya ni fitina, twamkumbusha habari ya kahawa. Mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka, kwa kuwa baadhi ya watu walifikiri kuwa mkusanyiko wa wanywao na kikombe kipitishwacho mkono hata mkono vyafanana na karamu ya ulevi. Walitazama umbo, hawakutazama kilichomo kikombeni. Marufuku hayo hayakudumu; na leo kahawa yalimwa katika vilima vya Meru, na huyu ndugu yetu alaaniye simu hailaani illa kikombe cha kahawa ki mkononi mwake. Vivyo hivyo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa, aliifanya karatasi ya gazeti kuwa mimbari. Na mwaka 1961 Misri ilipotoa Kur'ani nzima katika sahani za santuri kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil Al-Husary, chombo kile kile kilichokuwa kikiimba nyimbo kiliingia katika kazi ya kuhifadhi Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Chombo hakikubadilika, kilichotiwa ndani ndicho kilichobadilika.

Ama wa pili, mwenye Kur'ani ndani ya simu, sehemu ya maneno yake ni kweli. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameona kwamba simu si Msahafu, kwani herufi zake ni nuru ionekanayo kisha ikaondoka, si wino uliothubutu juu ya waraka. Kwa hivyo kuishika simu hakulazimishi udhu kama ilazimishavyo kuushika Msahafu katika madhehebu yetu ya Kishafii. Lakini na ajue mambo matatu. Kwanza, mwenye janaba amekatazwa kusoma kwenyewe, si kushika tu. Basi simu haikumpunguzia chochote. Pili, heshima ya maneno ya Mwenyezi Mungu haikuondoka kwa kuondoka wino: haifai kuyafungua chooni, wala kuyasomesha kwa sauti mahali pa upuzi. Tatu, si kila programu itolewayo ni ya kuaminiwa. Na ailinganishe na Msahafu uliochapishwa na kusahihishwa na wanazuoni, kama ule wa Jumba la Mfalme Fahd la Madina, lililofunguliwa mwaka 1984. Na baada ya hayo yote, twamwuliza suala lililo zito kuliko la udhu: Hiyo Kur'ani iliyomo mfukoni mwako, leo umesoma aya ngapi?

Ama wa tatu, aliyeitegemea adhana ya simu, na asikize vyema, maana hapa saumu yake yaweza kuharibika. Simu haitazami jua. Hupiga hesabu kwa kufuata mji iliouambiwa. Jua laenda daraja moja kwa kila dakika nne, na Kanyakine iko magharibi ya Mombasa kwa kiasi ya daraja mbili. Maana yake ni kwamba jua la Kanyakine latua nyuma ya lile la Mombasa kwa kiasi ya dakika nane. Khalafu tofauti hii huzidi na kupungua kwa majira, kwa kuwa Mombasa iko daraja nne kusini ya istiwai, na Kanyakine yakaribia kuwa juu ya istiwai yenyewe: mwezi wa Juni tofauti yafika kama robo saa, na mwezi wa Desemba hubaki dakika moja hivi. Basi aliyetoka Mombasa na simu yake haikubadilishwa mji, akafungua Kanyakine kwa adhana ya Mombasa, huenda akawa amekula mchana wa Ramadhani.

Wala asiseme, "Basi nitaitupa simu nitumie macho yangu." Kanyakine iko mashariki ya Mlima Kenya, na jua hujificha nyuma ya mlima kabla ya kutua kwake kwa kweli. Mafakihi wetu walikwisha lisema hili kabla ya simu kuwako kwa karne nyingi: katika nchi ya milima hakutazamwi kupotea kwa duara la jua peke yake, bali hutazamwa kuondoka kwa mwangaza juu ya vilele na kupanda kwa giza upande wa mashariki. Hapa, basi, simu iliyowekwa sawasawa ni msaada mkubwa, na simu iliyoachwa bila ya kuangaliwa ni maangamizi. Chombo ni kile kile kimoja.

Sasa twaja kwa wa nne, naye ndiye tuliyemwandikia makala haya khasa. Yeye amesema kweli kwamba chombo hakina dhambi. Lakini alipomaliza kukitakasa chombo, akajipa ruhusa ya kutia sahihi kila mkataba uliomo ndani yake. Hapo ndipo alipoteleza, na twaogopa kwamba walioteleza pamoja naye katika miji yetu ni wengi kuliko waliosimama.

M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007. Kutuma fedha kwa njia hiyo na kulipa ada ya kutuma hakuna ubaya, kwani ada hiyo ni ujira wa kazi, kama alipwavyo mtu aliyechukua amana yako akaifikisha Meru. Na mkataba wa kuuza na kununua ufungwao kwa simu ni mkataba sahihi ukitimia masharti yake. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, lilipokutana Jidda mwaka 1990, lilikubali asili ya mikataba ifungwayo kwa vyombo vya mawasiliano. Katika hayo hatuna ugomvi.

Lakini mwezi wa Novemba mwaka 2012 ilikuja M-Shwari, mkopo wa simuni uliotozwa ada ya asilimia 7.5. Na mwezi wa Januari mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo humwezesha mtu kulipa zaidi ya salio lililomo katika simu yake. Fuliza ina ada ya asilimia moja ya mwanzo, kisha ada ya kila siku kwa kadiri ya deni, mpaka deni limalizike. Na fedha yoyote iingiayo simuni hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Na mwezi wa Novemba mwaka 2022 serikali ikatoa mkopo wake wa simuni, uitwao Hustler Fund, kwa asilimia nane kwa mwaka. Vyote hivi vimo katika kioo kile kile, hubonyezwa kwa kidole kile kile, na huletwa na ujumbe wa maneno mazuri. Mtu atajuaje tofauti?

Twampa kipimo kimoja, na amfundishe mkewe na watoto wake. Kila aonapo neno "ada" katika simu, na aulize: Ada hii ni ya kazi au ni ya muda? Ukimtumia mkulima wa Kanyakine shilingi elfu mbili, ada ya kutuma ni ile ile, azitoe leo au azitoe baada ya mwezi; hiyo ni ada ya kazi. Lakini ukikopeshwa shilingi elfu mbili, na ada ikawa yaongezeka kila jua lichomozapo nawe hujalipa, hiyo ni ada ya muda. Tuchukue mfano wa hesabu: kama ada ni shilingi ishirini kwa siku, basi katika siku kumi umetoa shilingi mia mbili juu ya deni la elfu mbili, na hakuna kazi yoyote mpya uliyofanyiwa tangu siku ya kwanza. Uliuziwa nini kwa shilingi mia mbili hizo? Uliuziwa kungojewa. Na kuuza kungojewa katika deni la fedha ndiyo riba yenyewe waliyokuwa nayo Waarabu wa Ujahili, deni likifika muda wake wakamwambia mdaiwa alipe au azidishe.

Atasema mtu: "Lakini hawakuiita riba, wameiita ada ya huduma." Twamjibu kwamba majina hayageuzi vitu. Mtume (S.A.W.) ametuonya juu ya watu watakaokunywa ulevi na kuupa jina lisilokuwa lake. Ni kweli kwamba Baraza la Fiqhi tulilolitaja, katika mkutano wake wa Amman mwaka 1986, lilimruhusu mkopeshaji kuchukua gharama ya huduma ya mkopo. Lakini lilishurutisha iwe ni gharama halisi iliyotumika, na kila kizidicho juu yake ni riba. Na gharama halisi ya kuandika deni katika daftari la mashine haikui kwa kukua deni, wala haizaliwi upya kila asubuhi.

Atasema mwingine: "Ni kidogo, na mwaka 2022 ada za Fuliza zilipunguzwa." Twasema: Alhamdulillahi kwa kila dhulma ipunguayo, lakini tone la mkojo halitahiriki kwa kuwa ni tone. Na Mwenyezi Mungu, mwishoni mwa Sura ya Al-Baqara, hakutuamrisha tuipunguze riba. Ametuamrisha tuache iliyosalia, na hakuna dhambi ya muamala aliyoitishia vita kama alivyoitishia hiyo.

Atasema wa tatu: "Mimi ni mtu wa dharura." Dharura, ndugu yangu, ni ile ambayo mtu akiiacha huangamia au hukaribia kuangamia, na wala hana njia nyingine. Mgonjwa aliye mlangoni mwa hospitali tutamzungumza peke yake. Lakini kuijaza gari ndizi leo badala ya Alkhamisi si dharura. Ni pupa ya biashara. Na mwenye pupa hiyo na afikiri jambo hili: mnunuzi wa Kongowea akimlipa, fedha hukatwa kabla hajaishika mkononi, kisha siku ya pili salio halimtoshi, naye hukopa tena. Ndizi ni zake, jasho ni lake, na faida huenda kwa asiyepata kuuona mgomba.

Hatutaki kuwa kama wale waufungao mlango wa haramu wakaondoka bila ya kuonyesha mlango wa halali. Kwa ndugu yetu wa Kanyakine iko milango minne.

Wa kwanza ni kununua kwa deni: akubaliane na mkulima bei moja, ilipwe siku fulani, hata kama bei hiyo yazidi ile ya kulipa taslimu. Jamhuri ya wanazuoni imeliruhusu hili, maadamu bei imekatwa tangu mwanzo na haizidi kwa kuchelewa.

Wa pili ni biashara ya salamu. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipa leo matunda ya mwaka mmoja na miaka miwili ijayo, hakuwakataza, bali aliwaamrisha kipimo kijulikane, na uzani ujulikane, na muda ujulikane. Basi wanunuzi wa Kongowea wamlipe yeye thamani yote siku ile ile ya mkataba, naye awadhamini ndizi za aina fulani, kwa kilo na si kwa kukisia mkungu, siku fulani, mahali fulani. Wala isiwe ni ndizi za shamba moja walilolitaja, maana shamba hilo laweza kupigwa na upepo au ugonjwa.

Wa tatu ni ushirika wa mudharaba: mwenye mali atoe mali, yeye atoe kazi, na faida igawanywe kwa fungu walilokubaliana, na hasara ya mali iwe juu ya mwenye mali, illa ikiwa mfanyaji amefanya uzembe.

Na wa nne ni karadha njema. Hapa lawama si juu ya mkopaji peke yake, ni juu yetu sote. Kwa nini mtu wa mtaa wetu apungukiwe na shilingi elfu mbili, jirani zake wote ni Waislamu, na wa kwanza kumkopesha awe ni mashine? Kwa sababu ameona kuwa mashine haimsengenyi wala haimtangazi. Vyama vya kuchangiana tunavyo, mikeka ya misikiti tunaichangia, na harusi zetu twazitolea malaki. Je, twashindwa kuwa na mfuko wa mtaa wa kukopeshana bila ya nyongeza, wenye daftari, na mashahidi, na mtu mwaminifu wa kuuangalia? Mtaa ukiwa na mfuko huo, Fuliza haitakuwa na wa kumfuliza.

Na kwa wale wakopao katika programu nyinginezo, wajue kwamba baadhi yake huomba kufunguliwa majina na nambari zote zilizomo simuni, kisha mtu akichelewa kulipa wakawapigia simu jamaa na rafiki zake ili kumfedhehi. Mwaka 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliwatoza faini baadhi ya wakopeshaji kwa kutumia habari za watu pasi na haki. Nambari ya rafiki yako iliyomo simuni mwako ni amana. Huna ruhusa ya kuiweka rahani kwa deni lako.

Ewe ndugu Muislamu! Usiku huu, kabla hujalala, ifungue simu yako uisome kama mtu asomaye daftari lake la hesabu. Tazama mji gani umeandikwa katika saa za sala. Tazama lini ulifungua Msahafu mara ya mwisho. Tazama ni deni gani laongezeka nawe umelala. Ukiona umo katika riba, tubu kwa Mola wako, lipa deni ulilonalo upesi uwezavyo, kisha jitoe katika huduma hiyo ili mkono usiirudie siku ya dhiki. Na ewe mwalimu wa chuo na wa msikiti, wafundishe vijana hukumu za kuuza na kukopa kama uwafundishavyo nguzo za udhu. Maana kijana wa leo hutia udhu mara tano kwa siku, na mkataba huufunga mara ishirini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusihitajie haramu yake, ambariki ndugu yetu wa Kanyakine katika safari zake na katika mali yake, na atujaalie ni katika wasikiao maneno wakafuata yaliyo mema zaidi. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.